Kopo la bibi: reale, rupia na shilingi za simba, zina thamani gani kweli?

"Shikamoo mzee wangu. Bibi yetu alifariki mwezi wa tatu huku Pangani, na tulipokuwa tunapanga vitu vyake tukakuta kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu za zamani. Kuna tatu kubwa sana zina mwanamke mnene kajifunika shungi na upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili, zote zimeandikwa 1780, moja ina kikonyo cha kuning'inizia kwenye mkufu. Kuna rupia nne za Mjerumani zenye mwanaume kavaa kofia ya chuma yenye ndege juu (1892, 1904, 1910, 1911), rupia mbili za Kihindi, moja ya malkia 1901 na moja ya mfalme 1911. Shilingi za simba 17, za 1922 mpaka 1952. Na moja ya njano imeandikwa 20 na herufi T. Dalali kutoka Tanga kasema atachukua kopo zima kwa laki mbili. Shemeji yangu anasema tusiuze, hela ya Mjerumani moja tu ni mamilioni. Shangazi naye anasema tuzioshe kwa ndimu na majivu zing'ae kwanza, na tayari ameosha shilingi mbili. Tushike neno la nani?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba, Mungu amlaze bibi mahali pema. Umeuliza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia kwa sababu umenitajia tarehe moja moja, na kwenye sarafu tarehe ndo nusu ya jibu.

Nianze na shangazi kwa sababu yeye ndo anaweza kuharibu mali leo leo. Mwambie kwa heshima zote aache, hizo mbili zilizooshwa zimeshaoshwa, zilizobaki zisiguswe hata kwa kitambaa. Najua inauma kuona kitu cheusi ukijua chini yake kuna fedha inayong'aa, lakini ule weusi sio uchafu. Fedha ikikaa miaka inakutana na salfa iliyopo kwenye hewa, kwenye moshi wa jikoni, kwenye mpira, hata kwenye mayai, na ule muungano ndo unafanya ngozi nyembamba ya kijivu, kahawia au nyeusi. Ngozi hiyo imetokana na fedha yenyewe, ukiisugua unaondoka na fedha. Ndimu inakula shaba iliyochanganywa humo, sarafu inabaki nyeupe mfu kama bati, na majivu yanafanya kazi ya msasa, yanaacha mikwaruzo midogo maelfu ambayo wewe huioni ila mnunuzi akiigeuza chini ya taa anaiona mara moja.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui. Sarafu inapogongwa kiwandani chuma kinaikandamiza kwa nguvu kubwa sana, ile fedha inatiririka kidogo kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari midogo mno kuliko unywele. Mistari hiyo ndo inafanya sarafu ambayo haijatumika sana iwe na mwanga unaozunguka ukiiinamisha huku na huku. Ukishaisugua mistari ikafutika hairudi tena, hakuna sonara duniani wa kuirudisha. Niliwahi kuletewa rupia mbili za Mjerumani, sisemi rupia moja moja, nasema ile sarafu kubwa moja ya thamani ya rupia mbili, ya 1893, ambayo mimi mwenyewe nimeishika mkononi mara chache sana maishani. Kijana aliyeileta alikuwa ameisugua na waya wa kuoshea sufuria usiku kucha ili inipendeze. Ilikuwa inameremeta kama kijiko kipya, na kila nywele ya masharubu ya Kaiser ilikuwa imelala. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu nikikosa la kumwambia, maana bei yake ilikuwa imeshuka vibaya na hakuna aliyemfanyia hivyo ila mapenzi yake mwenyewe.

Sasa tuje kwa dalali na shemeji. Mmoja anasema laki mbili kwa zote na mwingine anasema mamilioni, na kwa maelezo yako wote wawili wamekosea, ila sitaki unisadiki tu, nataka uweze kupiga hesabu mwenyewe hapo jikoni kwako kabla mtu yeyote hajaja mlangoni.

Kila sarafu ya fedha ina bei mbili. Kuna bei ya madini, yaani kama ingeyeyushwa leo ingetoa gramu ngapi za fedha safi na hizo gramu zinauzwaje. Hiyo ndo sakafu, chini ya hapo usishuke. Halafu juu ya sakafu kuna bei ya mkusanyaji, mtu anayeitaka kwa sababu ni adimu au hali yake ni nzuri au mwaka ule unamkosesha usingizi. Sarafu nyingi hazipandi mbali sana na sakafu, chache zinapanda sana, na kazi yote ya mtu kama mimi ni kutenganisha hizo chache. Umri peke yake haupandishi bei, naomba hili ulishike, maana kuna sarafu ya miaka mia moja yenye thamani ya chai na maandazi na kuna ya miaka sabini inayonunua ng'ombe.

Tuanze na hao wanawake watatu. Hiyo ndo reale ambayo wazee wetu wa pwani waliitaja kwenye mahari na kwenye kesi za mashamba. Mwanamke ni Maria Theresa, aliyetawala Austria, na hilo shungi ni vazi la ujane, mume wake alifariki 1765. Yeye akafariki Novemba 1780. Sasa sikiliza, kabla ya hapo sarafu yake ilikuwa imeshazoeleka sana Uarabuni, Uhabeshi na huku kwetu, wafanyabiashara waliijua kwa sura, kwa uzito, mpaka lulu za kile kipini cha begani walikuwa wanazihesabu, tisa, na ukimletea mtu sarafu yenye sura nyingine au mwaka mwingine anaikataa. Basi viwanda vya Austria vikaamua kuendelea kuigonga hiyo hiyo na mwaka huo huo wa 1780, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1935 Mussolini akachukua haki ya kuigonga Roma alipokuwa anajiandaa kuivamia Uhabeshi, Waingereza nao wakaanza kuigonga London, baadaye Bombay na Birmingham, Paris na Brussels nao wameigonga, na Vienna wanaigonga mpaka leo. Kwa hiyo reale yako inaweza kuwa na miaka mia mbili au inaweza kuwa ya enzi za baba yako, na zote zimeandikwa 1780. Kuzitofautisha kunahitaji jicho la mtu aliyezoea, anaangalia manyoya ya mkia wa ndege, mpangilio wa lulu, umbo la nukta na herufi, na nyingi sana utakazokutana nazo ni zile zilizogongwa baadaye, ambazo bei yake haiendi mbali na madini.

Lakini madini yenyewe sio kidogo. Reale halali ina gramu 28.07 na fedha yake ni 833 kwa elfu, maana yake ndani kuna gramu 23.4 za fedha safi. Igeuze uangalie ubavuni, sio usoni, ubavuni utakuta maandishi ya Kilatini yaliyochomoza yanayozunguka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma. Ubavu ukiwa laini au ukiwa na alama ya mshono kama ya ndoo ya plastiki, hiyo imemiminwa kwenye kalibu na mtu, haikugongwa. Ile yenye kikonyo kwa mkusanyaji wa sarafu ni jeruhi, kulehemu kumeunguza sehemu, lakini kwa mtu anayependa vito vya pwani inaweza kuwa nzuri kuliko zile nyingine. Msithubutu kukitoa hicho kikonyo, mtaongeza kidonda juu ya kidonda.

Rupia za Mjerumani sasa. Hapa shemeji ana kipande cha ukweli na nitakuja kukieleza. Yule mwenye kofia ni Kaiser Wilhelm wa pili na maandishi yanayomzunguka ni GUILELMUS II IMPERATOR. Ile ya 1892 igeuze, utakuta simba na mnazi na jina refu la kampuni, DEUTSCH OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, kwa sababu mwanzoni sarafu za huku hazikutolewa na serikali ya Ujerumani, zilitolewa na kampuni, kuanzia 1890 mpaka 1902. Kuanzia 1904 ni serikali, zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA tu, na ndo mwaka walipoacha kuigawa rupia kwa pesa 64 kama Wahindi wakaigawa kwa heller 100. Na hiyo heller ndo "hela" tunayoitamka kila siku bila kujua tunasema Kijerumani. Tafuta herufi ndogo kwenye hizo za 1904, 1910 na 1911, A ni kiwanda cha Berlin na J ni cha Hamburg, niandikie umeona ipi kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa na herufi mbili na bei mbili.

Rupia zote hizo, za Mjerumani na za Kihindi, zilitengenezwa kwa kipimo kimoja kwa makusudi ili zipokelewe soko moja, gramu 11.66, fedha 917 kwa elfu, kwa hiyo fedha safi ni gramu 10.7 hivi. Kwa za Mjerumani, miaka uliyonitajia sio ya adimu, zilitoka nyingi. Zikiwa na hali nzuri, yaani masharubu na manyoya ya yule ndege wa kofia yanaonekana moja moja, mkusanyaji atalipa zaidi ya madini na wakati mwingine zaidi mara kadhaa. Zikiwa zimelika mpaka uso ni bapa, atalipa madini na kidogo juu.

Kipande cha ukweli cha shemeji ni hiki. Mwaka 1916 Wajerumani wakiwa wamebanwa na manowari za Waingereza, hakuna sarafu inayoingia, waligonga zao wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli. Waligonga za dhahabu za rupia 15, upande mmoja ndege wa Ujerumani, upande mwingine tembo kanyanyua mkonga na mlima nyuma yake, na hizo kweli ni pesa nyingi, na ndo maana zinaigizwa sana. Pia waligonga za shaba nyekundu na za shaba ya njano, heller 20, zina herufi T ya Tabora, na hiyo ndo uliyonayo wewe. Ndo hivyo mtu anasikia "hela ya Mjerumani ya Tabora ni mamilioni", anachukua habari ya dhahabu anaipachika kwenye shaba. Hiyo yako ni sarafu ya kupendeza sana kwa historia, nyingi zimepondeka na kukaa vibaya kwa sababu zilitengenezwa kwa shida vitani, lakini zipo nyingi na bei yake ni ya kawaida. Haina fedha ndani hata chembe. Na akija mtu akawaambia zina zebaki ndani, au zinajaribiwa kwa mchele, au zinahitaji mtaalamu alipwe ada kwanza ndo bei itajwe, mfunge mlango. Nimeona familia inauza shamba kulipia "vipimo" vya rupia ambayo nilikuwa naweza kuwapimia bure kwa glasi ya maji.

Za Kihindi usizidharau, pwani yetu iliishi kwa rupia za Kihindi muda mrefu, Zanzibar waliziacha tu Januari 1936 walipohamia shilingi. Ya malkia 1901 ni ya kawaida. Ila hiyo ya mfalme 1911 naomba uitafutie mwanga mzuri. Huyo ni George wa tano, na kwenye joho lake, pale kifuani chini ya shingo, kuna mkufu wenye tembo mdogo. Toleo la 1911 tembo alichorwa mkonga mfupi, watu India wakaona ni nguruwe, Waislamu wakakasirika sana kubeba nguruwe mfukoni, serikali ikazirudisha nyingi zikayeyushwa na mwaka uliofuata tembo akachorwa upya. Kwa hiyo 1911 inatafutwa kuliko ya 1912 na kuendelea. Sio utajiri, lakini dalali akiihesabu sawa na zile nyingine anakuibia.

Sasa shilingi za simba, na hapa ndo watu wengi wanavunjika moyo. Simba yule mbele ya milima kila mtu wa Afrika Mashariki mwenye umri anamjua, na wengi wanaamini ni fedha tupu. Sio. Zilianza 1921 na zilitengenezwa kwa fedha 250 kwa elfu, robo tu, robo tatu iliyobaki ni madini mengine, hasa shaba. Uzito ni gramu 7.78 kwa hiyo fedha safi ni gramu 1.94. Na hiyo ni mpaka 1946. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Thumuni zake nazo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo zitenge kwa tarehe, za 1946 kurudi nyuma upande mmoja na za 1948 kwenda mbele upande mwingine. Na niwe mkweli, hata zile za robo fedha sonara hapendi kuziyeyusha maana kuitoa fedha kwenye shaba nyingi namna ile ni gharama, kwa hiyo sakafu yake ipo kwenye karatasi zaidi kuliko sokoni. Kama kwenye kopo kuna za senti kumi zenye tundu za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII zitunze pia, ni za mfalme aliyekaa mwaka haujaisha akaacha ufalme. Ni shaba na ni rahisi kupatikana, lakini watu wanazipenda.

Tupige hesabu ya sakafu. Uliza bei ya fedha ya siku hiyo, mtandaoni inatajwa kwa aunzi, na aunzi ya madini ni gramu 31.1, kwa hiyo gawa kwa 31.1 upate bei ya gramu, halafu ubadilishe kuwa shilingi. Kwa mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi, tuseme gramu imeangukia 3,000. Reale moja ni kama 70,000, zako tatu ni 210,000. Rupia moja ni kama 32,000, zako sita ni 192,000. Shilingi za simba kama kumi na moja ni za 1946 kurudi nyuma, ni kama 64,000 za kwenye karatasi. Jumla ni 466,000. Sasa unaona alichofanya dalali? Kwa laki mbili alikuwa hajalipia hata reale tatu, rupia na zote nyingine kachukua bure. Simlaumu kutaka faida, kila anayenunua lazima abakishe chake, na mnunuzi wa haki atakukata kiasi, lakini mtu anayetaka kopo zima kwa bei moja bila kuzipima hata moja ana sababu yake. Weka bei halisi ya siku hiyo badala ya 3,000 yangu, usije ukasimama na namba ya mfano.

Kujua kama ni za kweli, azima mizani ya sonara inayosoma mpaka 0.01 ya gramu. Kwanza sumaku, ikivutwa ni feki moja kwa moja, ila isipovutwa usishangilie, shaba na risasi navyo havivutwi. Halafu pima uzito. Rupia iliyotumika sana inaweza kusoma 11.4 au 11.5, hiyo ni kulika tu, lakini ikisoma 9 kuna tatizo. Halafu kipimo ninachokipenda mimi kuliko vyote, cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga rupia kwa uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji mpaka izame yote bila kugusa kitako wala kuta za glasi, uzi umeshikwa juu kwenye penseli. Mizani itasoma namba ndogo, hiyo namba ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa sarafu. Rupia ya kweli itasoma karibu 1.13, ukigawa 11.66 kwa 1.13 unapata 10.3, yaani fedha ya namna hiyo ni nzito mara 10.3 kuliko maji ya ujazo ule ule. Ikisoma 1.30 basi ndani ni shaba na nikeli hata kama uzito wa juu ulikuwa sawa sawa. Reale itasoma karibu 2.75. Rudia mara tatu, futa mapovu yaliyong'ang'ania, na ukimaliza ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini bila kusugua. Kwenye shilingi za simba usisumbuke na maji, tofauti ya ya fedha robo na ya nikeli ni ndogo mno kwa mizani yako, tarehe inatosha. Reale yenye kikonyo nayo haitakupa jibu safi.

Kipimo cha tindikali cha sonara mkatalieni, kinaacha doa la milele. Wanunuzi wa dhahabu wengi siku hizi wana mashine ya mionzi isiyokwaruza, hiyo ruksa, ila mjue inasoma ngozi ya juu tu, sarafu iliyochovywa fedha inaweza kuidanganya, ndo maana nasisitiza maji pamoja na mashine.

Kuuza, msikimbie. Bei anazotaja muuzaji mtandaoni sio bei, mtu yeyote anaweza kuandika milioni kumi kwenye tangazo na likakaa miaka mitano. Angalieni zilizouzwa kweli, minada mikubwa ya sarafu inaonyesha bei zilizofikiwa na picha, linganisheni hali ya yenu na hali ya ile. Kupeleka nje zikapimwe na kufungwa kwenye vile vikasha vya plastiki ngumu ni gharama, kwa hizi zenu sioni faida.

Mambo mawili yatanifanya niseme tukutane ana kwa ana au mtafute mtu anayeaminika aziangalie mkononi. Moja, kama chini ya kopo au kwenye bweta lingine mtakuta riyali ya Sayyid Barghash ya mwaka wa Kiislamu 1299, kubwa kama reale, maandishi ya Kiarabu pande zote, au ile ya rupia mbili, au chochote cha dhahabu. Hizo msimwonyeshe dalali kabisa. Mbili, kama kuna sarafu ndogo nyembamba za Kiarabu zilizookotwa shambani au ufukweni. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa zaidi ya elfu mbili za fedha ndogo ndogo za watawala wa pwani yetu wa kale, na historia nzima ikabadilika kwa ajili ya zile. Kitu cha kale kilichotoka ardhini kwa sheria ni cha kuripotiwa Idara ya Mambo ya Kale ya serikali, kipelekeni kwao na mwonyesheni mahali hasa kilipotoka, maana mahali ndo pana thamani kuliko kitu chenyewe. Za bibi zilizokaa kwenye kopo ni habari nyingine, hizo ni urithi wenu.

Na kwa kuwa ni urithi, kabla hamjauza hata moja kaeni warithi wote, ziandikwe kwenye daftari moja moja, tarehe, herufi, uzito, picha mbele na nyuma. Nimeona ndugu wanaachana kwa rupia tano kwa sababu mmoja alihisi kafichwa. Kila moja ifungeni kwenye karatasi yake kavu, msitumie ile mifuko laini ya plastiki inayonuka, joto la pwani likipanda inatoa utelezi wa kijani unaokula sarafu, wala msizirudishe kwenye kopo zigongane.

Nitumie picha za reale ubavuni, rupia zote upande wenye tarehe, na ile ya 1911 kifuani kwa mfalme, piga asubuhi nje kivulini bila flashi, rula pembeni. Na ya Tabora ipige pande zote mbili, kuna aina kadhaa za zile herufi L za neno HELLER na za ile taji, nitakwambia yenu ni ipi.